Kurasa Mbili Zisizotufaa

Mwezi uliopita tulikutana tuliosoma pamoja, watu kumi na saba wenye mvi na presha, kwenye ukumbi mmoja wa Majengo ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na wali, mbuzi aliyechemshwa bila kuungwa, soda zilizotolewa kwenye jokofu katika mji ambao hauhitaji jokofu, na hotuba. Watu wa umri wetu wakikaa pamoja hakosekani mmoja wa kusimama na kusema kwamba sisi tulilelewa na watoto wa siku hizi wameharibika. Safari hii alisimama mwenzetu aliyestaafu ukaguzi wa shule, akaeleza kwamba shule yetu ya zamani inataka kuonyesha mchezo wa kuigiza siku ya mahafali, na kwamba tumeombwa tuunde kamati ndogo ya kuusoma na kuamua kama unafaa kwa vijana wa miaka kumi na sita. Akapendekeza mimi niwe mwenyekiti, kwa kuwa nimekuwa muuguzi maisha yangu yote na ni mama ninayeheshimika. Wakapiga makofi.

"Kwani hata wakati wetu si kulikuwa na mchezo?" akadakia mwingine, mfupa mkononi. "Ule wa Oliva. Yule aliyepata mimba kidato cha pili."

"Hakupata mimba," nikasema.

"Haya basi, aliyeitoa," akajibu, na meza nzima ikacheka.

Miaka arobaini na kitu imepita. Watu hawa wamesahau kanuni zote za hesabu, wamesahau majina ya walimu, wengine wamesahau hata madeni ya wenzao, lakini uongo ule wameutunza vizuri kabisa. Niliacha soda yangu, nikachukua mkoba, nikashuka ngazi. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani nikiwatukana kwa Kifipa, lugha ya kwetu, maana Kiswahili hakikunitosha. Tangu siku hiyo nina kinyaa ambacho hakitoki, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni juu yangu mwenyewe. Ndiyo sababu ninaandika. Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani na nani alihamia wapi, nawaachia wanaozipenda. Mimi nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kidato cha tatu.

Mwaka huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja na Oliva huko mtaa wa Mazwi, kwa mjane aliyepika pombe ya ulezi uani. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, na sisi tuliotoka mbali tulijitegemea kwa vyumba vya namna hiyo. Chetu kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba tulicholala wawili, meza iliyokosa mguu ikaegemezwa ukutani, na dirisha ambalo badala ya kioo lilikuwa na gunia. Mwezi wa sita baridi ya huku juu ilipita kwenye gunia lile bila kubisha hodi, nasi tulisoma tukiwa tumejifunika blanketi moja, kila mmoja akivutia upande wake. Tulikula ugali wa ulezi na maharage, na mama yake Oliva alipopata lori la kutoka Wampembe, kwao ziwani, alitutumia migebuka mikavu, basi chumba, blanketi, madaftari na sare zetu vikanuka samaki wiki nzima. Wasichana wa mjini walituzibia pua waziwazi. Oliva hakujali. Alikuwa mrefu, ana sauti nzito ambayo hukuitegemea kutoka kwenye shingo nyembamba vile, na alikuwa na desturi ya kukunja nguo zake chache kila asubuhi na kuzipanga juu ya sanduku kana kwamba mkaguzi anakuja. Wakati mwingine alizikunja mara mbili.

Yaliyompata yalianzia kwenye jambo ambalo sasa nikiwaeleza wajukuu zangu wananitazama kama nimechanganyikiwa. Kila muhula ulipofunguliwa, wasichana wote tulipangwa mstari nje ya stoo ya vifaa vya michezo. Ndani kulikuwa na benchi, mipira iliyopasuka, mwalimu wa malezi na daftari lake, na mkunga mmoja aliyeitwa kutoka mjini. Uliingia, ukalala kwenye benchi, mkunga akakubonyeza tumbo kwa mkono wa baridi kujua kama una mimba. Mlango haukufungwa, kwa sababu stoo haikuwa na dirisha na mwalimu wa malezi alihitaji mwanga wa kuandikia. Aliyekutwa nayo alifukuzwa siku hiyohiyo. Sisi wasichana tulikuita "kupimwa", tukakuzoea, na kukuzoea huko ndiko kunakonitia kichefuchefu kuliko mkono wenyewe.

Oliva alipimwa akiwa kidato cha pili. Alikuwa ametoka likizo kwao ziwani, ambako malaria huwashika watoto tangu wakiwa mgongoni, na bandama lake lilikuwa limevimba. Huku juu kwenye baridi mbu ni wachache na watu hawajui mabandama. Mkunga alikuta kitu kigumu, akasema, "Miezi minne." Mimi nimefanya uuguzi zaidi ya miaka thelathini, nimeshika matumbo yasiyo na idadi, na naapa kwamba mtu aliyesoma hata mwezi mmoja angejua. Bandama hushuka kutoka chini ya mbavu za kushoto. Mimba hupanda kutoka chini. Lakini Oliva alikuwa msichana wa ziwani, na huku juu kila mtu alikwisha kuamua wasichana wa ziwani wakoje. Alipandishwa kwenye lori la magunia na barua mkononi. Huko kwao sista mmoja mzee wa zahanati alimpa dawa miezi kadhaa, tumbo likanywea. Baba yake alipoona tumbo limenywea pasipo mtoto, aliona jambo moja tu: mwanawe ameitoa. Mwaka ulipokwisha shule ilimpokea tena, wala haikuandika popote kwamba ilikosea. Baba alikubali arudi kwa sababu mama alilia sana, ila hakumsemesha. Likizo nzima alipitisha maneno kwa mkewe: mwambie mwanao alete maji, mwambie mwanao ahamishe hiyo ndoo. Oliva alinisimulia hayo akiwa anachagua mawe kwenye maharage, na hakuinua kichwa hata mara moja.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa kijana kutoka Mbeya, Mwalimu Ambakisye, mwenye sweta lililotoboka viwiko na tabia ya ajabu ya kumsikiliza mwanafunzi mpaka amalize. Sijui Oliva alimwelezaje. Ninachojua ni kwamba mwezi wa nne mwalimu alikuja darasani na mchezo alioupiga chapa mwenyewe, kurasa ishirini na mbili, unaitwa Mtoto Asiyekuwepo, wa kuonyeshwa siku ya wazazi. Oliva alipewa nafasi ya msichana. Mimi nilipewa nafasi ya mkunga. Mchezo ulikuwa na vichekesho vingi, ulikuwa na mlevi na mwenye duka mchoyo, lakini kila kitu kilibebwa na kurasa mbili, ya kumi na nne na ya kumi na tano. Hapo mkunga anaweka kiganja juu ya sweta la msichana, anasema miezi minne, na msichana anajibu, "Ni bandama, mama. Kwetu tunalo wengi." Kisha anaingia sista mzee, anaeleza mbele ya baba wa msichana bandama ni nini na mimba ni nini, na baba anasikia. Basi. Hakuna aliyelala, hakuna aliyevua kitu, kiganja juu ya sweta tu. Mchezo ule ulikuwa na adabu kuliko stoo yetu mara mia.

Tulifanya mazoezi chumbani kwetu jioni kabla jua halijazama, mjane akichungulia mlangoni na ufagio. Oliva alinisahihisha bila kuchoka. "Usinionee huruma, Skola," aliniambia. "Yeye hakuniangalia hata usoni. Angalia ukutani, halafu useme." Niliangalia ukutani nikasema. Alikwisha kumwandikia baba yake barua ya kumwalika, na jibu likaletwa kwa mdomo na dereva wa lori: mzee atakuja. Tangu siku hiyo alianza kula vizuri. Alikuwa haombi makubwa. Alitaka baba yake akae kwenye benchi mahali asipoweza kunyanyuka, asikie kutoka kwa mtu mwingine maneno ambayo kwake yeye asingeyasikia, kisha amsemeshe.

Lakini mtu fulani alipeleka maneno kwa wazazi kwamba shuleni kunaandaliwa mchezo wa mimba, na ikaundwa kamati ya kuamua kama unafaa kwa watoto wa rika letu. Walikutana Jumatano moja mwishoni mwa likizo, sisi wa mchezo tukiwa tumebaki mjini kwa mazoezi, ofisini kwa mkuu wa shule. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kapele, mwenye duka la nguo Majengo. Alikuwapo Mama Gaudensia, kiongozi wa akina mama kanisani. Na mwalimu wetu wa malezi, mwanamke wa funguo nyingi, yuleyule wa daftari. Mwalimu Ambakisye aliitwa asome. Mimi niliitwa niwanawishe na kuwapakulia, kwa kuwa nilikuwa mtulivu na naimba kwaya. Meza ilitandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Kulikuwa na chai ya maziwa, mkate uliokatwa mnenemnene, mayai ya kuchemsha bakuli zima, na kuku ambaye harufu yake ilinitoa udenda maana asubuhi nilikunywa uji tu. Nilizunguka na birika na beseni nikipiga magoti mbele ya kila mmoja, "Shikamoo baba, shikamoo mama," wakanyoosha mikono bila kukatiza maneno yao.

"Neno tumbo limo mara kumi na moja," alisema mwalimu wa malezi. Alikuwa ameyapigia mstari.

"Tuweke afya," akasema Mama Gaudensia.

Mwalimu Ambakisye aliuliza kwa upole, "Msichana aseme afya yangu inauma, mama?" Hakuna aliyecheka.

"Watoto wa umri huu wakiona mambo haya jukwaani wataanza kufikiria," akasema Mzee Kapele.

"Kufikiria nini, mzee?"

"Mambo."

Kisha akafuta mafuta mdomoni, akasema, "Hebu tusomee tena ile sehemu. Ile ya kubonyeza."

"Nimeisoma mara tatu, mzee."

"Isome. Hatuwezi kukataza kitu tusichokijua."

Akaisoma mara ya nne. Nilikuwa nimesimama pembeni na birika, na niliona nyuso zao. Waliokerwa zaidi ndio walioegemea mbele zaidi. Mzee Kapele alikuwa ameacha kutafuna. Mama Gaudensia alitikisa kichwa kwa masikitiko, lakini maneno "kiganja juu ya tumbo" yalipofika aliyatamka naye, taratibu, alikwisha kuyakariri. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sikuwa na jina la kitu nilichokiona. Sasa ninalo. Ulikuwa uchu, uliovalishwa nguo za Jumapili. Nimewaona watu wa namna ile tena na tena maishani, kwenye wodi, kwenye vikao vya mtaa, siku hizi kwenye makundi ya simu, watu wanaotuma video chafu wakiandika chini yake "jamani dunia imekwisha" ili nawe uitazame. Nikiwaona natamani kunawa.

Ubishi ulipokwama, Mzee Kapele alinigeukia. "Tunabishana nini? Si mtoto huyu hapa? Binti, una miaka mingapi?" Nikamwambia. "Basi tumpime yeye," akasema, tena alitumia neno hilohilo. Wakaniweka kiti katikati ya chumba. Mama Gaudensia akachukua karatasi kutoka kwa Mwalimu, akasoma kurasa zile mbili kwa sauti, yai likiwa bado mdomoni, punje za kiini zikidondoka kwenye maneno, na wengine wote wakanitazama usoni. Hawakusikiliza kabisa. Walinisoma mimi. Walitaka kuona nitainamisha macho wapi. Nilijitahidi kuangalia ukutani kama Oliva alivyonifundisha, lakini ukutani kulikuwa na kalenda na chini ya kalenda alikaa Mzee Kapele. Damu ikanipanda masikioni. "Angalieni," akasema mwalimu wa malezi kwa furaha, "ameona haya!"

"Sema kweli mwanangu," Mzee Kapele akaniambia, sauti ameilainisha. "Sehemu hii imekutia aibu?"

Sasa nieleze vizuri, maana hapa ndipo nilipotakiwa kuwa mtu. Nilikuwa na aibu, ndiyo, lakini ya kutazamwa vile na wazee watatu. Aibu ya mchezo sikuwa nayo hata chembe. Nilikuwa nimeusema mchezo ule chumbani kwetu mara hamsini huku nikikoroga maharage. Nilijua kwamba nikisema "hapana" nitakuwa msichana asiyeona haya, na mwalimu wa malezi alikuwa na kalamu mkononi, na wiki ifuatayo tulikuwa na kupimwa. Niliogopa. Lakini uoga haukuwa peke yake. Nilipenda namna Mama Gaudensia alivyoniinamia, nilipenda kuitwa mwanangu, na kulikuwa na kidude kingine kidogo, kichafu, kwamba maneno yote mazuri katika kurasa zile yalikuwa ya Oliva, na mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia ukuta. Mwalimu Ambakisye hakunionyesha ishara yoyote. Alisubiri, kama alivyosubiri darasani, nimalize.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Inatia aibu. Haitufai."

"Mnaona?" Mama Gaudensia akasema. "Mtoto aliyelelewa hajifichi." Akachukua yai kwenye bakuli, akanipa. Nilitoka nalo mpaka nyuma ya ofisi, nikalimenya, nikalila lote nikiwa nimesimama. Ningependa kuandika kwamba lilinikwama, au kwamba tangu siku ile sili mayai. Nakula mayai. Lile lilikuwa tamu, na nilitamani jingine.

Watu wema siku hizi husema dawa ya mambo haya ni kuwauliza vijana wenyewe. Mimi niliulizwa. Wale waliotaka niwe mwenyekiti wamenitumia mchezo wao kwenye simu, na mmoja ameshauri tumwite mjukuu wa mtu, tumsomee tuone. Nimewajibu kwamba mtoto akisomewa kitu mbele ya wakubwa waliokwisha kuamua, hajibu swali. Anatafuta mlango wa kutokea. Nimewaandikia pia kwamba mchezo wao uonyeshwe wote, kurasa zote, na asiyetaka abaki nyumbani kwake. Hawajanijibu, wameweka tu vile vijipicha vya mikono inayosali.

Kurasa zile mbili zilitolewa. Kwa kuwa mchezo sasa ulikuwa na shimo katikati, kamati ilimwagiza Mwalimu aandike mwisho mpya, ambao msichana anarudi shuleni, anapiga magoti mbele ya wakubwa na kuomba radhi. Mwalimu Ambakisye alisema afadhali usionyeshwe kabisa. Oliva ndiye aliyemsihi. Nilikuwapo, tulisimama watatu kwenye kibaraza cha darasa. "Baba ameshasema anakuja, Mwalimu," alisema. "Hajawahi kuja. Naomba aje tu anione." Mwalimu alinitupia jicho mara moja, akaangalia pembeni, akasema ataandika. Siku nyingine, tukiwa wawili, aliniambia, "Skola, wewe ni mtoto. Kosa ni la waliokukalisha pale." Alikusudia kunifariji. Mimi nilitaka anitukane.

Jumatatu iliyofuata muhula ulifunguliwa rasmi na tukapangwa mstari nje ya stoo. Baridi ilikuwa kali, pumzi zilitoka mvuke. Na nani alikuwa amesimama pale mlangoni, amejitanda shali, akisaidia kuhesabu wasichana? Mama Gaudensia. Kile ambacho siku tano zilizopita hakikufaa macho yetu kukiona kikiigizwa juu ya sweta, sasa tulifanyiwa wenyewe bila sweta, mlango wazi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kinafaa rika letu. Nililala kwenye benchi. Mkono ulikuwa wa baridi vilevile. Nikasikia mkunga akisema "safi", na mwalimu wa malezi akaweka alama. Oliva alifuata nyuma yangu. Alibonyezwa mara tatu, kushoto, kulia, kushoto tena, ngumi amezikaza juu ya benchi. "Safi," mkunga akasema, kisha akaongeza, "sasa hivi." Mama Gaudensia akacheka kidogo puani. Nimeshika mikono ya watu wakifa, nimefua mashuka ya kipindupindu, na hakuna kilichowahi kuninukia kama kicheko kile.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi mchana. Bwalo lilijaa, mabenchi mbele kwa wageni, akina mama na watoto nyuma, na harufu ya pilau la wageni ikitoka jikoni. Pazia letu lilikuwa mashuka mawili ya kuazima. Nikachungulia kwenye kiungo cha mashuka nikamwona baba yake Oliva, mtu mfupi mkavu mwenye koti kubwa la kuazima, amekaa benchi la pili na kapu la samaki kati ya miguu. Alikuwa amepanda kutoka ziwani kwa siku mbili. Mimi sikuwa na nafasi tena kwenye mchezo, mkunga alikuwa amefutwa pamoja na kurasa zake, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuvuta pazia. Mlevi aliingia, watu wakacheka. Mwenye duka mchoyo akaingia, Mzee Kapele akacheka kuliko wote bila kujua anajicheka. Kisha msichana akafukuzwa shule. Hakukuwa na bandama wala sista. Pazia likafungwa, likafunguliwa, na msichana akawa amerudi, amepiga magoti katikati ya jukwaa mikono kifuani.

"Nimekosa wazazi wangu," Oliva alisema kwa ile sauti yake nzito. "Nisameheni."

Kwetu mtu akiigiza vizuri au akiimba vizuri, mtazamaji hunyanyuka akaenda kumtuza palepale jukwaani, ampe alichonacho. Nilimwona baba yake ananyanyuka. Alipita kati ya mabenchi akiomba njia, akapanda ngazi mbili za jukwaa kwa uzito, akatoa kutoka ndani ya koti kitenge kipya, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Alikikunjua, akamfunika nacho mabegani akiwa bado amepiga magoti. Hakuwa anaigiza. Alilia. Akasema, na bwalo zima likasikia, "Oliva mwanangu. Nimekusamehe."

Aliyasubiri maneno ya baba huyo mwaka mzima na zaidi, na sasa yalikuja, nayo yalikuwa hayo. Nilishika kamba ya pazia nikamwangalia. Nilidhani atasimama aseme. Kurasa zote mbili alikuwa nazo kichwani, hata mimi nilikuwa nazo, ningeweza kuzipaza kutoka pale nilipokuwa. Oliva alimtazama baba yake usoni. Kisha akasema, "Asante, baba." Watu wakalipuka kwa makofi na vigelegele, Mama Gaudensia akifuta macho, Mzee Kapele akimpongeza mwalimu wa malezi kwa kumshika mkono, na mimi, kwa kuwa kila mtu alikuwa anapiga, nikapiga.

Baba yake alifariki miaka mingi baadaye akiwa amemsamehe hivyohivyo. Oliva yupo, Wampembe, ana wajukuu saba, na akija mjini kwa mambo ya hospitali hulala kwangu. Huzungumza habari za samaki, za magoti, za mkwe wake mvivu. Siku ile hatujaigusa. Maandishi haya nitampa ayasome yeye kwanza kabla ya mtu mwingine, na sijui kama atalala kwangu tena.

Maana alikuja nyuma ya mashuka watu wakiwa bado wanapiga makofi, kitenge mabegani, uso mkavu. Alikivua, akaanza kukikunja kwa uangalifu kama alivyokunja kila kitu, pembe kwa pembe, nami nikashika upande wa pili kumsaidia.

"Hivi nani hasa aliiambia kamati kwamba zile kurasa ni za aibu?" akaniuliza.

"Wazee wenyewe," nikasema. "Nani mwingine?"

Akakunja mara ya pili. "Mungu anawaona," akasema.

"Anawaona," nikajibu.